Una spika tayari, unatafuta amplifaya: tupige hesabu kwa KEF LS50 na umeme wetu

Santuri (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Swali la "nina spika fulani, ninunue amplifaya ya wati ngapi?" halijawahi kuisha. Majibu nayo ni yaleyale. Mmoja atakwambia wati mara mbili ya spika, mwingine atakwambia tafuta Mjapani wa zamani hutajuta, wa tatu atakutumia picha ya kibodi cha Kichina kinachotosha kiganjani. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi na yeyote anaweza kukuunguzia spika, maana hakuna aliyeuliza hiyo spika yenyewe inadai nini.

Ili tusiongee hewani nachukua mfano mmoja. Jamaa yangu hapa Dar kaletewa na shemeji yake anayeishi Uingereza jozi ya KEF LS50, zile za mwaka 2012, koni ya rangi ya shaba na twita (kispika cha sauti nyembamba) imekaa katikati ya koni. Kwa wasiowajua, KEF ni kampuni ya Maidstone, Kent, iliyoanzishwa 1961 na Raymond Cooke. LS50 waliitoa kuadhimisha miaka 50, wakiwa na LS3/5A akilini, ile spika ndogo ya BBC ya miaka ya 70 ambayo twita na wufa (spika ya sauti nene) zake zilitoka kwa KEF. Ni ndogo, kilo 7 na kidogo kila moja, ila ina madai yake.

Karatasi ya kiwandani inasema hivi: usikivu desibeli 85, ukinzani (kiasi inavyozuia umeme kupita) omu 8, na kwa maandishi madogo "kima cha chini omu 3.2". Amplifaya inayopendekezwa ni ya wati 25 hadi 100. Majibu yote yako humo.

Tuanze na usikivu. Ukiipa spika hii volti 2.83, ambazo kwa omu 8 ni wati 1, ukaweka kipimo mita 1 mbele yake, unapata desibeli 85. Hii ni spika nzito kuamka. Spika za ukumbini zinafika 95 na zaidi kwa wati hiyohiyo moja. Tofauti ya desibeli 10 ni wati mara kumi, kwa hiyo sauti anayoipata mwenye spika ya 95 kwa wati 10, mwenye LS50 ataitafuta kwa wati 100. Kuuliza wati ngapi zinatosha bila kutaja usikivu wa spika ni kuuliza nauli bila kusema unashuka wapi.

Sasa chumba. Jamaa anakaa mita 3 hivi kutoka kwenye spika. Umbali huo ungekula desibeli 9 na nusu kama mngekuwa uwanjani. Ndani ya nyumba kuta zinarudisha kidogo, na spika ya pili inaongeza kama 3. Tuseme kwa wati 1 kila upande anapata desibeli 80 pale kwenye kochi, sauti ambayo mkitaka kuongea lazima mpaze kidogo. Wati moja tu, wakuu. Muda mwingi amplifaya haifanyi kazi yoyote ya maana.

Kazi inakuja ngoma inapopigwa au tarumbeta zinapoingia kwa pamoja. Kwenye muziki uliorekodiwa vizuri, vilele hivyo vinaruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani. Kumi na tano ni wati mara 32, ishirini ni mara 100. Kwa hiyo anayesikiliza kwa wastani wa 80 anahitaji akiba ya wati 32 hadi 100 kwa ajili ya vilele vya sehemu ndogo ya sekunde. Rudi kwenye karatasi ya KEF: 25 hadi 100. Hawakubahatisha.

Hapohapo kumbuka kuwa kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu. Amplifaya ya wati 50 na ya wati 60 zinapishana kwa desibeli 0.8. Muuzaji akikushawishi uongeze laki upate wati 10 za ziada, mwambie asante.

Sasa ukinzani, na hapa ndipo wengi tunapoachwa. Ukinzani wa spika haukai sehemu moja. Unapanda na kushuka kutegemea ni sauti nene au nyembamba inayopita. Ile "8" ni jina la familia tu. Kanuni ya kimataifa, IEC 60268-5, inataka kima cha chini kisipungue asilimia 80 ya namba iliyoandikwa: spika ya omu 8 isishuke chini ya 6.4, ya omu 4 isishuke chini ya 3.2. LS50 inashuka hadi 3.2. Kwa kanuni hiyo ni spika ya omu 4 iliyoandikwa 8.

Kwa amplifaya maana yake ni hii. Wati 50 kwenye omu 8 ni volti 20 na ampea 2.5. Volti zilezile 20, muziki ukitua pale penye omu 3.2, zinadai ampea 6.25, na kwenye ncha ya wimbi karibu 9. Amplifaya isiyo na hizo ampea itachemka, au itajikata yenyewe katikati ya wimbo, au itaanza kukwaruza wakati kitasa cha sauti hakijafika hata nusu. Na nusu ya kitasa haimaanishi nusu ya wati. Simu au kicheza CD chenye sauti kali kinaweza kuimaliza amplifaya yote kitasa kikiwa robo.

Kwa hiyo ukishika karatasi ya amplifaya, usisome namba ya kwanza ukaishia hapo. Tafuta wati za omu 8 na wati za omu 4, zote mbili. Ikiwa 50 kwa omu 8 na 80 au 90 kwa omu 4, ndani kuna transfoma na kapasita za kweli. Ikiwa mtengenezaji kaandika omu 8 peke yake na omu 4 kanyamaza, ana sababu ya kunyamaza.

Jamaa ana njia nne mezani: Mjapani wa mtumba, risiva ya sinema ya nyumbani aliyo nayo tayari, kiamplifaya cha Kichina cha daraja D (aina inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana), au atengenezewe na fundi. Mimi nina mawazo yangu ila nataka kusikia walioshika hivi vitu kwa mikono. Karibuni.

Ngalawa

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu nimesoma mpaka mwisho, lakini mimi ni mwana sabufa. Yangu imeandikwa 12000W PMPO. Kwa hesabu zako mimi nyumbani nina kituo cha kufua umeme?

Santuri

Hahaha mkuu, igeuze uangalie kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa inakula wati ngapi kutoka ukutani. Ukikuta 60, basi 60 ndizo za kugawana spika zote, taa za urembo na joto. Chombo hakiwezi kutoa kwa mfululizo kuliko kinachokula.

PMPO, eti nguvu ya kilele, haina kanuni yoyote, kila mtu anaandika anavyojisikia. Wamarekani walichoshwa na mchezo huo zamani. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikaweka sheria kwamba wati za amplifaya ya nyumbani zitangazwe zikiwa za mfululizo, pamoja na kiwango cha kukwaruza. Ndiyo maana amplifaya za Japani za nusu ya pili ya miaka ya 70 zina karatasi za kuaminika kuliko vitu vingi vya leo. Soko lao kubwa lilikuwa kule.

Bodi Kavu

Mkuu umemwaga somo. Mimi ni fundi, nipo Kariakoo, niongee upande wangu.

Kwanza hivi viamplifaya vya daraja D. Vingi vyenye bei ya chini ndani vina chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments. Chipu si mbaya kabisa, tatizo ni maandishi ya boksi. Wanaandika 100+100. Ile karatasi ya chipu yenyewe inasema wati 50 kila upande kwa omu 4 na volti 21, na hapo ni kwa ukwaruzaji wa asilimia 10, sauti ambayo hutaki kuisikiliza.

Njia ya kumkamata muongo ni adapta. Zidisha volti kwa ampea zake. Adapta ya laptop ya volti 19 na ampea 3.42 ni wati 65, kwa pande zote mbili. Hizo 200 zitatoka wapi? Hesabu ya pili: chipu za aina hii haziwezi kusukuma wimbi refu kuliko volti unazozipa. Volti 19 zidisha kwa 19, gawanya kwa mara mbili ya omu 8, unapata wati 22 na nusu, na hizo ni za mbinguni, bado hujatoa hasara. Ukiipa volti 24 unafika 36. Kwa LS50 kwenye chumba kidogo, kwa sauti ya kiungwana, inakwenda. Kwa Jumamosi wageni wakija haitoshi.

Anayetaka daraja D kwa spika kama hizi aangalie zenye TPA3255, na anunue na pawasapulai inayoeleweka, volti 36 au 48 yenye ampea za kutosha. Watu wengi wananunua amplifaya nzuri halafu wanabana kwenye pawasapulai. Amplifaya inagawa tu kile inachopewa.

Na jambo moja msilisahau. Kwenye hizi chipu waya hasi wa spika si hasi ya kawaida, nao una muziki. Ukiunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, au ukaigusisha kwenye bodi ya chuma, chipu imekwenda. Hawa ndio wateja wangu wakubwa.

Santuri

Bodi Kavu, na zile za kutengenezwa na fundi? Jamaa kaahidiwa "wati 300 orijino" kwa bei ya kuvutia.

Bodi Kavu

Muulize vitu viwili. Transfoma ni ya VA ngapi (volti mara ampea, yaani uwezo wake), na transista katoa wapi.

Tunatumia sana 2SC5200 na 2SA1943, za Toshiba. Karatasi inasema volti 230, ampea 15. Ila feki zimejaa sokoni, ukipasua kifuniko unakuta kipande cha silikoni kidogo kama tembe ya mchele wakati halisi ni kipana. Feki itapiga vizuri kwenye meza yangu kwa spika ya omu 8, sauti ndogo. Ukienda nayo nyumbani kwenye spika ya omu 3.2, siku ukipandisha inakatika, na transista ikikatika mara nyingi inapiga shoti, umeme wa DC, kama wa betri, unaingia kwenye wufa. Hapo unapoteza spika ya mamilioni kwa ajili ya transista mbili. Nikiunda yenye wati 50 mbili sishuki chini ya transfoma ya VA 160, na lazima niweke bodi ya kulinda spika yenye rilei (swichi inayoikata spika hitilafu ikitokea). Fundi akikwambia rilei ni urembo, beba mzigo wako uondoke.

Kwa LS50 mimi mwenyewe nisingemshauri jamaa yako atengenezewe, na nasema hivyo mkate wangu ukiwa humo.

Chuma cha Reli

Nadharia nyingi. Mimi ninapiga muziki kwenye maharusi, kanuni yetu ni moja: amplifaya iwe na wati mara mbili ya spika. Spika ya 300 nafunga amplifaya ya 600. Amplifaya ndogo ndiyo inaua twita, kila fundi anajua.

Santuri

Mkuu kwa kazi yako uko sahihi, sina ubishi. Unapiga saa nyingi mfululizo, unahitaji akiba ya vilele, na mkono wako unajua pa kuishia.

Hilo la twita ni kweli nusu. Twita inauawa na joto, na joto halijali limetoka amplifaya ndogo au kubwa. Kinachotokea kwa ndogo ni hiki: ukiisukuma kupita uwezo inakata vilele vya besi, besi haiwezi kupanda tena, lakini sauti nyembamba bado zina nafasi ya kupanda. Unavyozidi kukoleza kitasa zinazidi kukua, na kule kukata kwenyewe kunazaa sauti nyingine nyembamba za kukwaruza. Vyote hivyo krosova (kigawa sauti ndani ya spika) inavipeleka kwa twita. Kwa hiyo muuaji ni anayeendelea kupandisha wakati amplifaya imeshapiga kelele kuwa imechoka. Ukisikia inakwaruza ukashusha, wati 20 haziui kitu.

Sasa mpe jamaa yangu amplifaya yako ya 600 kwa LS50. Koni yake ni ya milimita 130. Siku mtoto akikamata kitasa ndiyo siku tutaagiza spika nyingine.

Chuma cha Reli

Mtoto akikamata kitasa hata ya wati 100 itaiua. Bado nasema bora iwe kubwa usiitumie kuliko ndogo uitafute.

Santuri

Ya wati 100 ndiyo mwisho wa KEF, kwa hiyo hapo tumekutana mkuu. Mara mbili ya nini ndilo swali, maana hata ile namba ya wati kwenye spika inaandikwa kwa mitindo mitatu tofauti.

Bin Pwani

Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi niko Unguja, huku vyombo vya mtumba vya Japani tumevizoea. Amplifaya zile za miaka ya 70 na 80, Sansui, Pioneer, Kenwood, ukipata nzima ni raha, transfoma peke yake inakutoa jasho kuibeba. Lakini nduguzangu, angalieni umeme kabla hamjaangalia wati. Japani ni volti 100, sisi ni 230. Vingi vya soko lao la ndani havina kitufe cha kubadilisha. Vilivyotengenezwa kwa kuuzwa nje utaona nyuma kuna kiduara cha kuchagua 110, 120, 220, 240. Hivyo ndivyo vya kukimbilia.

Ukipata cha volti 100 unahitaji transfoma ya kushushia, na hapo kuna mtego. Za madukani nyingi zinashusha hadi 110, si 100. Umeme wa kwenu ukiwa umepanda hadi 240, ile transfoma inatoa karibu 115. Amplifaya inaishi na asilimia 15 zaidi ya ilivyoumbiwa, kila siku. Kapasita iliyopangiwa volti 50 ikikutana na 55, kwa umri ule, inavimba. Tafuta inayotoa 100 kamili, na uwezo wake uwe mkubwa kuliko ulaji wa amplifaya, wala usinunue inayolingana tu.

Sisi huku tunasikiliza taarabu, fidla nyingi na sauti ya mwimbaji iko mbele. Kwa muziki huo LS50 na Mjapani wa wati 40 wanapatana vizuri sana.

Santuri

Shukran Bin Pwani. Nikuongezee upande wa pili wa umeme, huu wa kwetu bara: ukishuka. Amplifaya ya transfoma ya kawaida volti zake za ndani zinafuata za ukutani. Saa moja jioni mtaa mzima umewasha, umeme ukashuka kutoka 230 hadi 190, volti zimepungua asilimia 17, lakini wati zinafuata volti mara volti. Ile ya wati 50 inabaki na 34. Mtu anadhani amplifaya imechoka kumbe ni mtaa. Zenye pawasapulai ya swichi, ile inayoandikwa 100 hadi 240, hazijali. Hiyo ni sifa ya daraja D ambayo wapenzi wa vitu vya zamani, na mimi nikiwemo, hatupendi kuitaja.

Mtaa wa Luthuli

Niaje wakubwa, nawasoma kutoka Nairobi. Mimi niko na risiva ya AV, haina shida kwa filamu. Nyuma imeandikwa omu 6 hadi 16, na kwa menyu kuna mahali pa kuchagua 6 au 8. Nikiweka kwa 6 si itakuwa na nguvu ya kubeba hizo LS50?

Santuri

Hapana boss, ni kinyume. Ukichagua 6 risiva inapunguza volti zake za ndani ili isichemke kwa spika yenye ukinzani mdogo. Inakuwa ndogo zaidi, haiongezeki nguvu. Kwa LS50 kwa sauti ya wastani itapiga tu bila tatizo, watu wengi wanaishi hivyo miaka. Ila fuata kijitabu chake, acha nafasi juu ipumue, na ikianza kujizima yenyewe usiilaumu spika. Na zile "wati 140" za risiva soma vizuri, mara nyingi ni upande mmoja ukifanya kazi peke yake, kwa omu 6, na ukwaruzaji umeruhusiwa kupanda.

Mtaa wa Luthuli

Sawa sawa. Na nikiweka LS50 pamoja na spika zangu za zamani kwa matundu ya spika A na B zipige zote?

Bodi Kavu

Usijaribu. A na B zikiwaka pamoja kwenye amplifaya nyingi zinakuwa sambamba. Omu 3.2 ya LS50 ikutane na 6 ya zile nyingine, unapata kama omu 2. Risiva inayoogopa chini ya 6 umeipa 2.

Kisiki

Mimi niko kijijini Kigoma, natumia sola. Nina betri ya volti 12 na kibodi cha TPA3116. Spika zangu si KEF, ni za kawaida omu 8, usikivu imeandikwa 89. Nikiunga betri mbili ziwe 24 nitapata wati zaidi?

Bodi Kavu

Kisiki subiri kwanza! Hiyo chipu mwisho wake wa kazi ni volti 26. Betri mbili za asidi zikiwa zinachajiwa na sola mchana zinapanda hadi 28 na zaidi. Utaiunga usiku ipige vizuri, kesho saa sita mchana ife. Hata kapasita za vibodi vingi ni za volti 25.

Kaa na 12. Utapata wati 9 hivi za kinadharia kila upande, na kwa usikivu wa 89 hizo kwa mtu mmoja na sebule yake si haba. Ukitaka zaidi weka kifaa cha kupandisha volti kutoka 12 hadi 20, ila ujue betri itakwisha mapema.

Kisiki

Nimekuelewa fundi, umeniokolea kibodi. Kilikuwa mkononi tayari.

Dada wa Dansi

Jamani nami niulize. LS50 nimezisikia kwa mtu, gitaa la solo na sauti vinatoka kama mwimbaji yupo chumbani, lakini besi sikuiona. Yeye anasema atabadilisha amplifaya aweke yenye nguvu. Itasaidia?

Santuri

Dada, hapo anataka kutupa hela. Karatasi inaonyesha LS50 inaanza kupungua kwenye hezi 79 (mitetemo 79 kwa sekunde). Waya mnene wa gitaa la besi, ule wa chini kabisa, ni hezi 41. Amplifaya haiwezi kuipa spika sauti isiyokuwa nayo. Amplifaya dhaifu inaweza kuifanya besi ilegee, hilo kweli, lakini kutoka 79 kwenda chini ni kazi ya boksi na koni.

Na asije akakimbilia kitasa cha besi. Kuongeza desibeli 10 kwenye besi ni kudai wati mara kumi huko chini. Alikuwa anatumia 5, sasa anatumia 50, na koni ya milimita 130 inatembea mpaka mwisho wa safari yake. Azisogeze kwanza karibu na ukuta wa nyuma aone, haigharimu kitu. Ikishindikana anunue sabufa yenye amplifaya yake ndani, LS50 zibaki kufanya wanachokijua.

Dada wa Dansi

Asante kaka. Na waya? Kuna duka walimwambia anunue waya wa laki kadhaa.

Santuri

Waya wa shaba halisi, unene wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kila upande. Kwenda na kurudi ukinzani wake ni omu 0.07, kwa spika inayoshuka hadi 3.2 hiyo ni asilimia 2 tu. Ule mwembamba mwekundu na mweusi wa nusu milimita ya mraba unafika 0.34, hapo umeshakula zaidi ya asilimia 10 na mshiko wa amplifaya juu ya koni unapungua. Mchunguze tu asiuziwe aluminiamu iliyopakwa shaba. Akikwangua kwa kisu ndani pakawa peupe, amrudishie mwenyewe.

Ngalawa

Nimegeuza sabufa. Imeandikwa 45W. Naomba msiongee na mimi leo.

Chuma cha Reli

😂😂 12000 zimekuwa 45. Pole mkuu.

Santuri

Wakuu, mrejesho. Jamaa kapata NAD C 316BEE ya mtumba, ya volti 230, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Wati 40.

Mtaa wa Luthuli

Ngoja kidogo mkubwa. Nimecheki hiyo, wameandika wati 40 kwa omu 8 na kwa omu 4, namba moja. Na wewe ulisema 4 iwe karibu mara mbili ya 8.

Santuri

Swali zuri, nilijua litakuja. NAD wana tabia ya kuandika namba moja, ile wanayoidhamini kwa mfululizo kwenye omu zote mbili, halafu nguvu ya muda mfupi wanaiandika pembeni, na hiyo ndiyo inapanda omu zikishuka. Ni desturi yao tangu amplifaya yao ya 3020 ya mwaka 1978, iliyochorwa na mhandisi Erik Edvardsen. Kwenye karatasi ilikuwa wati 20 tu, lakini kwa vilele vifupi ilitoa karibu mara mbili yake. Na muziki, kama tulivyohesabu juu, unadai vilele vifupi. Kwa hiyo sheria yangu iboresheni: ama omu 4 iwe juu sana ya omu 8, ama mtengenezaji aonyeshe wazi anachotoa kwa muda mfupi kwenye omu 4 na 2. Anayeonyesha 8 peke yake ndiye wa kumkwepa.

Wati 40 ni desibeli 16 juu ya wati 1. Pale kwenye kochi vilele vitafika 96. Anaishi ghorofani, majirani watamtafuta kabla amplifaya haijachoka.

Bodi Kavu

Kabla hajachomeka LS50, amplifaya hiyo ni ya mtumba, aipime. Awashe bila spika na bila muziki, kitasa chini kabisa, asubiri dakika chache ipate moto, achukue mita aiweke kwenye milivolti za DC, apime matundu ya spika kushoto na kulia. Chini ya 50 ni sawa. Ikisoma mamia ailete mezani kwanza, ikisoma volti nzima asiifunge kwenye chochote. Ikiwa safi aanze na spika yoyote ya bei ndogo usiku mmoja, azungushe vitasa vyote asikilize kama vinakwaruza. Halafu ndiyo afunge KEF.

Santuri

Kapima mbele yangu. Kushoto 11, kulia 14. Kitasa cha balansi kinakwaruza kidogo, atakuletea ukipulizie dawa.

Bodi Kavu

Alete Jumatatu. Jumamosi sipokei mtu, kuna foleni ya waliogusisha hasi na hasi.